Hivi kampuni kubwa huwa zinaangushwa na biashara mbaya au na viongozi kukosa maadili?

Leja_Wazi:

Wakuu habari zenu. Nina swali limenikaa kichwani wiki nzima hata usingizi sipati vizuri, naomba mnisaidie hasa nyie mliokaa kwenye uhasibu, ukaguzi au uongozi wa makampuni.

Mimi ni mhasibu kwenye kampuni ya usambazaji, sio kubwa sana ila sio ndogo pia. Ijumaa iliyopita bosi wangu wa fedha kaja mezani kwangu akasema kuna oda moja kubwa nimkatie mteja ankara kwa tarehe ya mwezi huu. Nikaingia kwenye mfumo nikaona mzigo bado uko stoo, haujapakiwa, mteja mwenyewe kasema atauchukua katikati ya mwezi ujao na bado ana haki ya kuukataa. Nikamwambia bosi hii bado sio mauzo. Akaniambia kwa upole kabisa mwezi ujao si itakuwa mauzo, sasa tatizo liko wapi, tunavuta tu siku chache, mkurugenzi ameshawaahidi wenye hisa namba fulani na hatuwezi kumwangusha. Hakunifokea wala hakunitisha, na hiyo ndo inanisumbua zaidi, angenifokea ningejua pa kusimama.

Nimewauliza wenzangu wawili ofisini wakasema kila kampuni inafanya hivo, niache utoto. Mmoja akaongeza kwamba kampuni zinakufa kwa kukosa wateja, hakuna kampuni iliyowahi kufa kwa sababu ya tarehe kwenye ankara.

Sasa swali langu, je ni kweli? Yale makampuni makubwa tunayosikia yalianguka kwa kashfa, yalianza na wezi waliokaa chini wakapanga kuiba, au yalianza na vitu kama hivi? Na kama yalianza hivi, ni nani angeweza kuzuia na ni wakati gani? Naombeni majibu ya kweli, sio ya kunifariji.

Mkaguzi_Mstaafu:

Kijana wangu, nimekaa kwenye ukaguzi wa nje miaka 19 na swali lako nimelisikia kwa sauti nyingi, karibu zote za watu wa umri wako na wa ngazi yako. Nitakujibu kwa kisa kimoja tu lakini nitakisimulia chote maana watu wakikitaja huwa wanakitaja mwisho wake, wanaacha mwanzo.

WorldCom, kampuni ya simu ya Marekani. Mkurugenzi mkuu wake Bernard Ebbers aliikuza kwa kununua makampuni mengine, zaidi ya 60, na kila aliponunua bei ya hisa ilipanda, na bei ya hisa ikipanda ananunua tena. Mwaka 2000 wasimamizi wa ushindani wakamzuia asiungane na Sprint, na biashara yenyewe ya simu ilikuwa imeanza kubana. Mpaka hapo hakuna dhambi, ni biashara imepata msimu mbaya. Shida ni kwamba Ebbers alikuwa amekopa benki pesa nyingi sana kwa dhamana ya hisa zake mwenyewe, hisa zikishuka benki zinamdai. Unajua bodi ilifanya nini? Kampuni ikamkopesha yeye binafsi, kidogo kidogo mpaka zaidi ya dola milioni 400, ili asilazimike kuuza hisa zake. Hebu fikiria hapo, kuanzia siku ile mkurugenzi mkuu hana tena uwezo wa kusikia habari mbaya, maana habari mbaya ikitoka nje yeye mwenyewe ndo anafilisika.

Sasa njoo huku chini kwenye meza za wahasibu. Kampuni za simu zina gharama inaitwa gharama za laini, ni pesa unazowalipa wenzako ili simu za wateja wako zipite kwenye mitandao yao. Wawekezaji walikuwa wanaangalia gharama hizo ni asilimia ngapi ya mapato, na WorldCom ilikuwa inaonyesha kama 42. Uhalisia ulishavuka 50. Robo mwaka ya tatu ya 2000 agizo likashuka kutoka kwa mkuu wa fedha Scott Sullivan kwamba wapunguze akiba zilizotengwa kulipia bili zijazo ili gharama zionekane ndogo, dola milioni 828. Wahasibu wa ngazi ya kati waliotakiwa kuandika hilo ingizo kwenye vitabu waliona kabisa kwamba haina msingi. Mmoja, mama mwenye familia inayotegemea mshahara wake na bima yake ya afya, akasema anaacha kazi. Sullivan akaongea nao kwa utulivu, akawapa mfano wa meli ya kivita yenye ndege zilizoko angani, tusaidieni zitue kwanza, zikishatua mtu anayetaka kuondoka aondoke. Yule mama akabaki.

Robo ya kwanza ya 2001 ndege hazijatua. Na akiba za kupunguza zimeisha, kwa hiyo sasa likaja jambo baya zaidi, gharama za laini zikahamishwa zikaandikwa kama mali ya kudumu, yaani pesa uliyolipa mwezi huu kwa huduma ya mwezi huu unaiandika kama vile umejenga mnara utakaoutumia miaka. Dola milioni 771 kwa mara moja. Na kila robo iliyofuata yule mama alikuwa anajiambia hii ndo ya mwisho. Kadri kampuni ilivyozidi kuoza ndivyo cheo chake kilivyopanda.

Mwisho wake unaujua. Mwaka 2002 mkaguzi wa ndani Cynthia Cooper na timu yake wakawa wanachimba kwenye mfumo usiku, kimya kimya, Sullivan akamwomba aahirishe ukaguzi hadi robo nyingine ipite, mama wa watu akakataa akaenda kwenye kamati ya ukaguzi ya bodi. Juni 2002 kampuni ikatangaza kwamba dola bilioni 3.8 ziliandikwa kwa uongo, baadae hesabu ikafika kama bilioni 11. Tarehe 21 Julai 2002 wakaomba ulinzi wa mufilisi, yaani mahakama iwakinge na wadai, wakiwa na mali za dola bilioni 107 kwenye vitabu, hakukuwa na mufilisi mkubwa kama huo Marekani kabla ya hapo. Ebbers akahukumiwa kifungo cha miaka 25. Na yule mhasibu aliyetaka kuacha kazi akabaki, alifungwa miezi mitano gerezani.

Nimekuwekea hicho kisa kirefu kwa sababu ya neno lako moja. Umesema bosi alikuomba "kwa upole". Mimi katika miaka yangu yote sijawahi kuona ingizo la uongo lililoanza kwa kufoka.

Hoja_Kavu:

Mzee hapo juu heshima yako, kisa kizuri, ila mimi naomba niweke upande wa pili maana naona tutamtisha huyu kijana bure.

WorldCom ilianguka kwa sababu soko la mawasiliano lilianguka. Makampuni mengi ya simu ya wakati ule yalikufa, mengine bila uongo wowote kwenye vitabu. Uongo ulichelewesha kifo tu, haukukileta. Afu angalieni upande mwingine, kuna makampuni yaliyofanya maovu makubwa yakaendelea kudunda mpaka leo. Siemens walikamatwa na rushwa ya nchi nyingi, Desemba 2008 wakalipa adhabu za jumla ya kama dola bilioni 1.6 kwa Marekani na Ujerumani, leo wapo. Volkswagen mwaka 2015 walikiri kwamba magari kama milioni 11 yaliwekwa programu ya kudanganya vipimo vya moshi, imewagharimu zaidi ya euro bilioni 30, leo wapo wanauza magari. Sasa kama kukosa maadili kunaua kampuni, mbona hawa hawajafa?

Sisemi wizi ni mzuri, mtu asinielewe vibaya. Nasema tukitaka kumwambia kijana ukweli tumwambie kwamba kampuni inakufa ikikosa pesa, basi. Maadili ni jambo la dhamiri na la sheria, lakini tusiligeuze kuwa sababu ya kila kaburi.

Leja_Wazi:

@Hoja_Kavu nashukuru mkuu, hili ndo swali hasa linalonitatiza. Maana na wenzangu ofisini wanasema hivo hivo, wanasema fulani alifanya na bado yupo.

Bint_Takwimu:

Hoja_Kavu umeuliza swali zuri na nadhani jibu lake limo humo humo kwenye mifano yako. Siemens walidanganya kuhusu namna walivyopata kazi. Volkswagen walidanganya kuhusu moshi. Lakini mitambo ya Siemens ilikuwepo kweli, magari yalikuwepo kweli, na pesa za mauzo zilikuwa zimeingia benki kweli. Ulipoondoa uongo chini yake ukakuta kampuni. Imejeruhiwa, imetozwa, mabosi wameondoka (Siemens hadi wakaleta mkurugenzi mkuu kutoka nje ya kampuni mwaka 2007, kitu hawakuwahi kufanya), lakini kampuni ipo.

Sasa chukua Wirecard ya Ujerumani. Hawa walikuwa wanapitisha malipo ya mtandaoni, Septemba 2018 wakaingia kwenye orodha ya makampuni 30 makubwa ya soko la hisa la nchi, wakaitoa benki ya Commerzbank. Juni 2020 wakakiri kwamba euro bilioni 1.9 zilizoandikwa kwenye vitabu kuwa ziko kwenye benki mbili za Ufilipino inaelekea hazipo. Benki zenyewe zikasema hatuwajui hawa, nyaraka ni za kughushi. Kati ya wakaguzi kukataa kusaini hesabu na kampuni kuomba ufilisi ilipita wiki moja tu. Hapo ulipoondoa uongo hukukuta kampuni, ulikuta ofisi. Uongo wao ulikuwa ni kuhusu pesa yenyewe.

Kwa hiyo mimi naona cha kuuliza ni uongo umewekwa wapi kwenye jengo. Ukiwa kwenye dirisha unabadilisha dirisha. Ukiwa kwenye msingi hakuna fundi.

Na ndugu yangu Leja_Wazi, ankara ya mzigo ulioko stoo ni uongo wa msingi. Ni mdogo lakini uko pale pale ambapo Wirecard na WorldCom waliweka wa kwao, kwenye swali la je hii pesa tunayo au hatuna. Na mwezi ujao ukifika ile oda itakuwa imeshaliwa, utahitaji nyingine ya kuvuta, na hiyo lazima iwe kubwa kidogo kwa sababu mkurugenzi ameahidi ukuaji, hakuahidi namba ile ile.

Kitu kingine cha Wirecard kinachoniuma. Ishara zilikuwepo miaka. Waandishi wa Financial Times waliandika mapema 2019 wakiwa na nyaraka za ndani. Mamlaka ya usimamizi wa fedha ya Ujerumani ikapiga marufuku kwa miezi miwili kuweka dau kwamba hisa zitashuka, na Aprili 2019 ikapeleka malalamiko ya jinai kwa waendesha mashitaka dhidi ya wale waandishi. Yaani aliyesema nyumba inawaka ndo aliyeitiwa polisi. Mkurugenzi mkuu Markus Braun akaendelea kupanda jukwaani mwaka mzima tena. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawa hawakuficha peke yao, walisaidiwa kuficha na watu wenye heshima zao ambao walitaka sana kuamini kwamba nchi imepata kampuni ya kisasa ya kujivunia.

Mjumbe_wa_Meza_Ndefu:

Nimesoma yote. Mimi nimekaa kwenye bodi tatu tofauti na naomba niseme jambo ambalo wahasibu hamlioni kwa sababu hamuingii kile chumba.

Watu wakisema Enron, ile kampuni ya nishati ya Marekani, wanafikiria mafaili ya siri na makaratasi yanayosagwa usiku. Mimi nikisikia Enron nafikiria kikao cha bodi. Mwaka 1999 mkuu wa fedha Andrew Fastow aliomba aanzishe mifuko yake ya uwekezaji ambayo itafanya biashara na Enron, yeye akiwa upande wa Enron na yeye huyo huyo akiwa upande wa pili. Kanuni za maadili za kampuni zilikataza. Bodi ikakaa, watu wasomi, wenye majina, ikapiga kura kuziweka kanuni pembeni kwa ajili yake. Tena sio mara moja, mfuko wa kwanza na wa pili. Kwenye kumbukumbu za kikao. Hakuna aliyejificha. Fastow akajipatia zaidi ya dola milioni 30 kutokana na mifuko hiyo, na Enron ikapata mahali pa kupeleka hasara zake zisionekane.

Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo. Sio vya kiasi hicho lakini vya namna hiyo. Ajenda ina vipengele 14, hiki ni cha tisa, chakula cha mchana kimeshafika, mwenyekiti anasema hili wanasheria wameshalipitia, mkaguzi wa nje amesema hana shida, kuna mwenye pingamizi? Na wewe unajua kwamba kuinua mkono ni kusema humwamini mtu mnayekaa naye meza moja miaka minne. Nakiri kwamba mara moja sikuinua mkono na nilipaswa. Ile kampuni haikuanguka, lakini fedha za watu zilipotea na mimi nilikuwemo chumbani, na kila nikiliwaza hili naona aibu.

Ule ukimya wa juu ukishatokea, unashuka kwenda chini kwa kasi kuliko waraka wowote. Enron walikuwa na kitabu cha maadili cha kurasa zaidi ya 60, maneno ya heshima na uadilifu yako humo. Lakini mfanyakazi hasomi kitabu, anaangalia nani anapandishwa cheo. Na pale walikuwa na utaratibu wa kuwapanga wafanyakazi kwa alama kila kipindi, wa mwisho kama asilimia 15 wanakuwa kwenye hatari ya kuondolewa. Wewe uko kwenye mfumo kama huo, umeona dili la hovyo la mtu ambaye kesho atakaa kwenye kamati ya kukupa alama, utasema? Walikuwa na mkataba na Blockbuster wa kusambaza filamu kwa intaneti, wa miaka 20, haujaanza kufanya kazi ya maana, wakaandika faida ya zaidi ya dola milioni 110 kutokana nao. Watu wa ndani walijua. Hamna aliyetaka kuwa mtu wa kusema.

Agosti 2001 akatokea mmoja, Sherron Watkins, akamwandikia mwenyekiti Kenneth Lay kwamba anaogopa kampuni itaporomoka kwa kashfa za kihesabu. Lay alikutana naye. Afu uchunguzi ukapewa mawakili wale wale waliokuwa wanashauri kwenye hayo madili, na ndani ya siku chache tu kulikuwa na barua pepe ya mawakili inayoeleza hatari za kisheria za kumfukuza mfanyakazi anayeripoti mambo ya uhasibu. Hilo ndo swali la kwanza lililokuja kwenye akili za wakubwa baada ya kupewa nafasi ya mwisho ya kuokoa kampuni, je tunaweza kumuondoa huyu.

Oktoba 16 wakatangaza hasara, Desemba 2 wakaomba ulinzi wa mufilisi. Siku 47. Na hapa Hoja_Kavu nakujibu, ni kweli kampuni inakufa ikikosa pesa. Lakini Enron ilikosa pesa kwa nini ndani ya siku 47? Mabomba ya gesi yalikuwa yale yale. Wateja walikuwepo. Kilichoondoka ni kuaminiwa. Biashara yao kubwa ilikuwa kununua na kuuza nishati kwa ahadi, na ahadi yako ikishakosa thamani wenzako wanataka pesa taslimu leo, wote, kwa pamoja. Wafanyakazi wengi walikuwa wameweka akiba zao za uzeeni kwenye hisa za Enron, na katikati ya hizo siku mfuko ulikuwa unabadilisha msimamizi kwa hiyo akaunti zikafungwa kwa muda, wakawa wanaangalia kwenye skrini bei inashuka na hawawezi kuuza. Mwaka mmoja nyuma hisa ilikuwa imefika karibu dola 90. Ilipofika Desemba ilikuwa senti.

Na mkaguzi wao, Arthur Andersen, kampuni ya tangu 1913, watu kama 85,000 duniani kote ambao wengi wao hawakuwahi kugusa faili la Enron. Walisaga nyaraka, wakahukumiwa Juni 2002. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaitengua ile hukumu, majaji wote tisa. Hakukuwa na wa kurudishiwa, wateja walishaondoka.

Kaunta_ya_Nyuma:

Mimi niongeze dogo kwa upande wa kazi zetu za kila siku. Benki ya Barings ya Uingereza, ya tangu 1762, iliuawa Februari 1995 na hasara za kijana wao mmoja wa tawi la Singapore, Nick Leeson, pauni milioni 827 zilizofichwa kwenye akaunti namba 88888. Kila mtu anasimulia habari za huyo kijana. Lakini ripoti ya wakaguzi wa ndani ya 1994 ilishasema ni hatari mtu mmoja kufanya biashara sokoni na wakati huo huo kusimamia ofisi ya nyuma inayohakiki biashara hizo, wakapendekeza zitenganishwe. Wakubwa hawakutenganisha kwa sababu alikuwa anawaletea faida (ya uongo) na bonasi zao zilitegemea faida hiyo. ING ya Uholanzi wakainunua ile benki kwa pauni moja.

Miaka 27 baadae, FTX, soko la sarafu za kidijitali, ikaanguka Novemba 2022. Aliyeletwa kusimamia mabaki ni John Ray, ambaye aliwahi kusimamia mabaki ya Enron, na aliiambia mahakama kwamba hajawahi kuona udhibiti umeshindwa kabisa kiasi kile. Maombi ya malipo yalikuwa yanatumwa kwenye grupu la kuchati na bosi anaidhinisha kwa kuweka emoji. Pesa za kampuni!! Mimi kazini kwangu hata malipo madogo kabisa yanataka sahihi mbili na watu wananilalamikia kwamba nawachelewesha.

Kwa hiyo Leja_Wazi wanapokuita mtoto uwaache wakuite. Ile sekunde ulipoingia kwenye mfumo kuangalia kama mzigo umetoka stoo, hiyo ndo kazi.

Hoja_Kavu:

Nimewasoma wote na sitakuwa mbishi wa kubisha tu. Hoja ya Bint_Takwimu kuhusu mahali uongo ulipowekwa naikubali, sikuwa nimeifikiria hivo. Na hizo siku 47 zimenikalisha chini.

Bado naamini biashara mbaya huwa inatangulia. Karibu kila kisa hapo juu kuna robo mwaka ambayo namba zilikataa kwanza, afu ndo mtu akachukua kalamu. Ila naona sasa kwamba biashara mbaya inatibika kama mtu anasema mapema, unapunguza gawio, unauza kitengo, unawaambia wenye hisa mwaka huu hatukufika. Niliwahi kusoma habari za Carillion ya Uingereza, wakandarasi. Juni 2017 walilipa gawio la pauni milioni 55, mwezi uliofuata wakatangaza kufuta pauni milioni 845 kwenye mikataba yao. Januari 2018 wamekufa, watu 43,000 wa ajira, pauni milioni 29 tu benki. Na mwaka 2016 walikuwa wamebadilisha masharti ili iwe vigumu kwa wenye hisa kudai bonasi za mabosi zirudishwe. Nilikuwa naiweka kwenye kundi la "ujenzi ni biashara ngumu". Mtu anayebadilisha kifungu cha kurudisha bonasi anajua kitu. Hiyo sio biashara ngumu, huyo anafunga mizigo yake.

Mkaguzi_Mstaafu:

Hoja_Kavu nimefurahi kwa ulivyojibu, ni watu wachache.

Leja_Wazi sasa turudi kwako maana uliuliza nani angeweza kuzuia na wakati gani. Kwa WorldCom ni watu wale wa kwenye meza kama yako, ile robo ya tatu ya 2000, kabla ya zile milioni 828. Sisemi ni haki mzigo ule uwe juu yao, sio haki kabisa, walipwao mamilioni ndo wangepaswa kuubeba. Ila ilikuwa ndo nafasi ya mwisho ambayo ilikuwa rahisi.

Nikushauri kitu cha vitendo. Usigombane na bosi. Mwambie kwa heshima kwamba uko tayari kuandika ingizo lolote lililo na nyaraka, kwa hiyo akutumie agizo kwa barua pepe likionyesha tarehe mzigo utakapotoka stoo na masharti ya mteja kuukataa, ili uliambatanishe. Usiandike kwa ukali. Mistari mitatu inatosha. Mtu anayeamini jambo lake ni halali atakuandikia dakika hiyo hiyo. Afu tunza nakala ya kila ulichoandika na tarehe, na ujue nani ni mwenyekiti wa kamati yenu ya ukaguzi na anapatikanaje, hata kama hutamtafuta kamwe.

Mjumbe_wa_Meza_Ndefu:

Naunga mkono. Na kama mna mkaguzi wa ndani kaongee naye. Wengi wao wanasubiri mtu wa kwanza.

Leja_Wazi:

Wakuu nimerudi. Asanteni sana, nimesoma kila mstari zaidi ya mara moja na kile kisa cha yule mama wa WorldCom nimemsomea mke wangu jana usiku, yeye ndo aliyeniambia nisisubiri.

Leo asubuhi nimefanya kama mzee alivyosema. Mistari mitatu. Nimemwandikia bosi kwamba nipo tayari kukata ankara pindi nikipata hati ya kutolea mzigo stoo, au kama kuna maelekezo tofauti naomba aniandikie hapa ili niyaambatanishe. Mkono ulikuwa unatetemeka nikibonyeza kutuma, sitaki kujifanya shujaa.

Baada ya kama nusu saa akanipigia simu badala ya kujibu. Sauti ile ile ya upole. Akasema sio lazima tuandikiane kwa jambo dogo kama hili, nimfuate ofisini tuongee. Nikamfuata, nikakaa, nikamwambia bosi nakuheshimu sana ila naomba iwe kwa maandishi. Alinyamaza muda mrefu akiangalia dirishani. Afu akaniuliza nina watoto wangapi. Nikamwambia wawili. Akasema yeye ana watatu na mkubwa anaanza chuo mwaka huu, na kwamba namba ile mkurugenzi hakumuuliza kabla ya kuiahidi. Nikaona mtu aliyechoka, wakuu. Nilikwenda nikijua nakutana na mkosaji nikakuta mtu aliyeko kwenye meza kama yangu, ngazi moja juu.

Nikamwambia kama atataka kwenda kwa mkurugenzi kumweleza kwamba mwezi huu hatukufika, nitamwandalia jedwali lenye oda zote na tarehe halisi za kutoka stoo, na nitaingia naye kama ataniruhusu. Hajasema ndio wala hapana. Amesema nimwachie mpaka kesho.

Tunafunga mwezi Jumatatu. Jedwali nimeshaanza kuliandaa.